Shahada ya uuguzi ya mwaka mmoja Marekani: ni nini hasa kinachofupishwa?

Mwishoni mwa Novemba 2025 ujumbe mmoja ulinifikia mara tatu usiku mmoja, kutoka makundi matatu ya WhatsApp: la kanisa, la chama, na la tuliosoma pamoja. Ulisema Marekani imeufuta uuguzi kwenye orodha ya taaluma. Asubuhi yake akanipigia simu dada mmoja anayeishi Dallas. Alisomea uhasibu Nairobi, sasa anahudumia wazee usiku, na alikuwa ameshalipia somo la anatomia ili ajiandae kwa shahada ya haraka ya uuguzi. Hakunisalimia hata. "Dada, nikadai pesa yangu?"

Nikamwambia aende darasani. Lakini swali lake lilinionyesha jinsi jambo hili lilivyotufunga kamba miguuni. Wengi wetu huku ughaibuni tunalizungumzia kila siku, kuanzia mezani kwenye nyama choma hadi kwenye maegesho baada ya zamu, na kila mtu ana toleo lake. Wapo wanaosema ni mwaka mmoja tu, na wapo wanaosema ni digrii nusu. Wengine wanadai serikali inalipa yote. Tulifumue polepole.

Tuanze na ile habari yenyewe. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilibadilisha mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi wa uzamili na kuendelea. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mwanafunzi wa kawaida wa ngazi hiyo ana ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Walio kwenye fani zilizopewa jina la "shahada za kitaaluma", kama udaktari na sheria, wanaruhusiwa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Wizara ya Elimu ilipopendekeza tafsiri ya fani hizo, uuguzi haukuwamo. Vyama vya wauguzi vilipiga kelele, na vilikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini ugomvi ule ulihusu ukomo wa mkopo wa uzamili. Hakuna leseni iliyofutwa, hakuna mshahara ulioguswa, na shahada ya kwanza ya uuguzi haikuhusika. Njia ya haraka anayoitaka yule dada ni shahada ya kwanza, hata kama kwake yeye itakuwa ya pili.

Herufi zinazotuchanganya

CNA ni msaidizi wa uuguzi. Huyu anaogesha, anageuza mgonjwa kitandani, analisha, anapima presha na joto. Sheria ya serikali kuu inadai mafunzo ya saa 75 kwa uchache, na majimbo mengi yanadai zaidi. LPN ni muuguzi wa ngazi ya kati, ambaye Texas na California wanamwita LVN. Husoma kama mwaka mmoja na hufanya kazi chini ya usimamizi. RN ni muuguzi aliyesajiliwa.

Hapo kwenye RN ndipo watu wanapoteleza. RN si digrii, ni leseni. Kuna mlango wa miaka miwili wa chuo cha jamii na mlango wa miaka minne wa chuo kikuu, na wote wanaotoka huko hukutana kwenye mtihani mmoja unaoitwa NCLEX-RN. Mlango wa tatu ndio huu wa ABSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi kwa njia ya haraka. Umewekewa mtu ambaye tayari ana shahada ya fani nyingine, iwe uhasibu, ualimu, kilimo au Kiswahili. Huchukua kati ya miezi 11 na 18. Si jambo la jana wala si uzushi wa wafanyabiashara wa elimu. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianza mpango wa namna hii mwaka 1971.

Na kama ulikuwa tayari muuguzi nyumbani, una cheti cha KMTC, kile chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, au shahada ya Muhimbili, mlango huu si wako. Wewe unahitaji vyeti vyako vikaguliwe na bodi ya uuguzi ya jimbo unalotaka kufanyia kazi, kisha ukalie NCLEX moja kwa moja. Nimekutana na watu waliotaka kusoma upya kitu walichokwisha kukifanya kwa miaka kumi, kwa sababu tu rafiki aliwaambia hakuna njia nyingine.

Basi lisilosimama Mtito Andei

Fikiria mabasi mawili ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Moja linasimama Voi, linasimama Mtito Andei watu wanywe chai, linasimama Emali mtu ashuke na gunia lake. La pili linaenda moja kwa moja. Barabara ni ile ile, kilomita ni zile zile. Kilichoondolewa ni vituo.

Shahada ya uuguzi ya miaka minne Marekani, kwa kawaida, hutumia miaka miwili ya mwanzo kwa masomo ya jumla na sayansi za msingi, na miwili ya mwisho kwa uuguzi wenyewe. Shahada yako ya zamani inakuondolea masomo ya jumla. Ile miwili ya uuguzi inabanwa kwa kufuta likizo ya kiangazi na kujaza wiki mpaka kingo. Kwa hiyo si digrii nusu. Cheti ni kile kile, mtihani ni ule ule, na mwajiri hatakuuliza ulipanda basi gani.

Sasa, anayepanda basi la moja kwa moja anajua sharti lake: mzigo upakiwe kabla, chakula kinunuliwe kabla, na chooni uende kabla. Dereva hatasimama kwa ajili yako. Karibu kila mtu ninayemfahamu aliyeshindwa katika njia hii hakushindwa kwa sababu ya akili. Alipanda na jambo ambalo alipaswa kulimaliza stendi.

Ule mwaka ambao matangazo hayautaji

Tangazo linasema miezi 12. Halisemi kwamba miezi hiyo inaanza kuhesabiwa baada ya masomo ya awali. Shule nyingi zinadai anatomia na fiziolojia sehemu mbili pamoja na maabara, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya ukuaji wa binadamu, na mara nyingi lishe. Aliyesomea biashara au sheria hana karibu yote hayo isipokuwa takwimu. Anatomia sehemu ya pili haichukuliki kabla ya kwanza, na vyuo vingi havikuruhusu kugusa mikrobiolojia bila somo la sayansi lililotangulia. Mtu anayefanya kazi huku akisoma ahesabu mihula mitatu, pengine minne. Chukua masomo haya katika chuo cha jamii kilicho karibu nawe. Bei ni nafuu mno ukilinganisha na chuo kikuu. Lakini kabla hujalipa, ipigie simu shule unayoilenga uulize kama watalipokea somo hilo kutoka chuo hicho.

Kuna mtego mwingine. Masomo ya sayansi yana umri wa kuisha. Shule nyingi hazipokei anatomia iliyosomwa zaidi ya miaka mitano, saba au kumi iliyopita, kila moja na namba yake. Ile biolojia uliyoisoma chuoni mwaka 2009 inabaki kuwa kumbukumbu nzuri, lakini haitakupunguzia somo.

Hapo bado hatujafika kwenye karatasi za nyumbani. Shule ya Marekani haiwezi kusoma transkripti, yaani karatasi ya matokeo yako ya chuo, ya Dar es Salaam au Eldoret kama ilivyo. Inataka ripoti ya tathmini kutoka shirika kama WES au ECE, na iwe ile inayochambua somo moja moja, si ile fupi ya kuthibitisha digrii tu. Watu hununua ile fupi kwa sababu ni ya bei ya chini, halafu wanalipa mara ya pili.

Alama nazo huwatia watu hofu bure. Mkenya anaangalia 62 yake, anakumbuka kwamba Marekani 62 ni aibu, na anajiondoa kabla hajaomba. Lakini wakaguzi hawasomi namba kavu. Wanajua kwamba katika vyuo vya Kenya 70 ni A na 60 ni B, na wanaitafsiri B kama B. Mtanzania ana tatizo lililogeuzwa. GPA yake, yaani wastani wa alama, hupimwa kwa 5, na ile 3.2 inayoonekana kuvuka kiwango cha 3.0 kati ya 4 ambacho shule nyingi hudai, nyumbani ni daraja la pili la chini. Usijikadirie mwenyewe jikoni, subiri ripoti. Na ikija na namba ya chini, ujue kwamba alama A katika masomo ya awali uliyoyasoma hapa zina uzito mkubwa, kwa sababu shule nyingi hupiga hesabu ya alama za sayansi peke yake.

Pesa, na ushauri mbaya wa rafiki

Ruzuku ya Pell, ile pesa ya serikali kuu isiyorudishwa, ni ya mtu ambaye hajapata shahada ya kwanza. Wewe unayo, na ya nchi ya nje nayo inahesabiwa. Kuna mshauri katika kila kundi anayesema, "Usiwaambie una digrii ya nyumbani." Mbali na kwamba huo ni uongo kwenye fomu ya serikali, hebu mtazame mantiki yake. Digrii hiyo hiyo ndiyo tiketi yako ya kuingia njia ya haraka. Huwezi kuwa nayo ofisi ya udahili na kuikosa ofisi ya fedha jengo hilo hilo.

Kinachobaki ni mikopo, kwa raia, wenye kadi ya kijani, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Mwenye viza ya mwanafunzi hamo. Mwanafunzi anayejitegemea wa shahada ya kwanza ana ukomo wa dola 57,500 kwa maisha yake yote, na kama ulisoma digrii ya kwanza hapa kwa mkopo, ulichokopa kinahesabiwa. Shule binafsi nyingi hutoza zaidi ya dola 50,000 kwa mpango huu, bila kodi ya nyumba. Ndiyo maana watu hujikuta katikati ya mwaka wanakimbilia mikopo ya benki binafsi yenye riba kali.

Kuna ufadhili wa serikali kuu uitwao Nurse Corps. Unalipa ada na kukupa posho kwa mwezi, nawe unaahidi kufanya kazi kwa miaka miwili au zaidi katika kituo chenye upungufu wa wauguzi. Ni wa raia na wenye kadi ya kijani, na ushindani wake ni mkali, lakini kuomba ni bure. Hospitali nyingi pia huwasaidia wafanyakazi wao ada. Waulize watu wa rasilimali watu kabla hujaacha kazi, si baada.

Na kazi? "Nitapiga zamu za usiku wikendi," ndivyo tunavyosema sote. Mimi nilisema hivyo, na muhula wa kwanza nilifanya hivyo. Siku moja ya mafunzo hospitalini nilisinzia nimesimama, mkono kwenye kitasa cha chumba cha dawa, saa moja kasoro asubuhi. Mwalimu hakunigombeza. Alinirudisha nyumbani, na saa zile ilibidi nizilipe siku nyingine ambayo sikuwa nayo. Mafunzo kwa vitendo huwa zamu za saa 12, na hayana kudoji: ukikosa siku mbili tatu unaweza kuondolewa. Ushauri wangu ni kwamba uweke akiba ya miezi sita ya kodi na chakula. Kama huna, ahirisha mwaka mmoja uitafute. Na watu wa nyumbani wanaotegemea pesa yako ya kila mwezi waambie mapema, kwa simu, kwa sauti yako, kwamba mwaka fulani mkono utakuwa mfupi. Mazungumzo hayo ni magumu kuliko kemia.

Mtihani usiokubali kukariri

Shule nyingi huanza na mtihani wa kuingilia. TEAS ndio maarufu: maswali 170 kwa dakika 209, kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Nyingine hutumia HESI. Hesabu zake ni za darasa la nane, ila huwa zimetutoka. Wiki sita za kujinoa kila jioni zinatosha watu wengi.

Ukishaingia, kitakachokushtua kwanza ni mtihani wa kupiga hesabu za dawa, ambao katika shule nyingi alama ya kupita ni 90 au hata 100. Mfano: mgonjwa ana uzito wa ratili 165, dawa imeagizwa miligramu 5 kwa kila kilo. Unagawa 165 kwa 2.2, unapata kilo 75, mara 5, miligramu 375. Ukisahau kugeuza ratili unapata 825, na umempa mtu zaidi ya dozi mbili. Hapa sisi tuliokulia kwenye kilo tuna nafuu kidogo. Wenzangu Wamarekani walihangaika na kilo, mimi nilihangaika kuamini kwamba mtu anaweza kuwa na uzito wa 165.

Kinachotuangusha zaidi ni namna ya kuuliza. Tulisoma kwa kukremu: taja sababu tano, eleza hatua nne. NCLEX haiulizi hivyo. Inakupa wagonjwa wanne na kukuuliza utaanza na nani. Mmoja ana maumivu ya 8 kati ya 10 baada ya upasuaji. Mmoja kaambiwa leo ana kisukari na analia. Mmoja ana pumu, kifua chake kilikuwa kikipiga miluzi tangu asubuhi na sasa kimenyamaza. Mmoja anataka karatasi zake aende nyumbani. Wote wanastahili. Mtu wa kukariri humkimbilia mwenye maumivu kwa sababu namba 8 inapiga kelele. Jibu ni mwenye pumu. Kifua chake hakikunyamaza kwa nafuu, kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena. Mtihani wenyewe una maswali kati ya 85 na 150 kwa saa tano, kompyuta ikipandisha na kushusha ugumu kulingana na majibu yako, na tangu Aprili 2023 umeongezwa visa virefu vinavyopima jinsi unavyoamua. Anza kujizoeza maswali ya aina hii hata kabla shule haijafunguliwa.

Je, lazima uwe CNA kwanza? Mara nyingi hapana, na uzoefu huo haukuondolei somo lolote. Lakini miezi michache kitandani kwa mgonjwa itakujibu swali ambalo hakuna ofisi ya udahili itakuuliza: ukiingia chumba kinachonuka, mtu anatapika na mwanawe anakufokea, unabaki au unatafuta sababu ya kutoka?

Namna ya kuichungulia shule

Angalia mambo mawili. Kwanza ithibati, itoke CCNE au ACEN, mashirika yanayozikagua shule za uuguzi, na idhini ya bodi ya uuguzi ya jimbo. Pili, asilimia ya wahitimu wanaofaulu NCLEX kwa mara ya kwanza. Bodi nyingi za majimbo huitangaza kwenye tovuti zao. Shule ikianza kukuzungusha ukiuliza namba hiyo, funga simu.

Na kwa wanaonong'onezwa kwamba kuna mtu Florida anayeweza "kusaidia karatasi": Januari 2023 serikali kuu iliwashtaki watu 25 katika operesheni iliyoitwa Nightingale. Vyeti bandia zaidi ya 7,600 vilikuwa vimeuzwa kwa majina ya shule tatu za jimbo hilo. Wanunuzi wengi wakafuatwa na bodi na kupoteza leseni, wengine wakiwa tayari kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu walioamini wanasoma kweli, kwa sababu hawakuwahi kuuliza yale mambo mawili.

Jambo moja dogo linalowahusu karibu wote waliozaliwa kwetu. Kabla ya kukanyaga wodi utadaiwa chanjo, vipimo vya dawa za kulevya, ukaguzi wa rekodi ya jinai, na kipimo cha kifua kikuu. Tazama mkono wako. Lile kovu ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu, na BCG inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe kana kwamba umeambukizwa, halafu unaanza safari ya eksirei na barua wakati wenzako wako wodini. Omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG. Chanjo ya homa ya ini aina B nayo, ile ya dozi tatu, huchukua miezi sita. Kaanze sasa.

Yule dada wa Dallas amemaliza anatomia sehemu zote mbili. Kilichomkwamisha wakati naandika haya ni transkripti, ambayo chuo chake lazima kiitume chenyewe moja kwa moja kwa wakaguzi. Barua pepe nne hazikujibiwa. Nilimwambia aache kuandika, apige. Ofisi ya msajili inafunguliwa saa mbili asubuhi Nairobi, ila mpe msajili muda wa saa moja anywe chai. Majira ya joto, saa tatu ya Nairobi ni saa saba usiku kwa Dallas, na kwa bahati hiyo ndiyo saa yake ya mapumziko kazini.